Wachambuzi Wametupa Ubingwa, na Harusi ya Mwanangu Ni Januari

Bi Lorraine mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Parma, na kabla hujasoma mbele nakuomba sana usinicheke, maana nimeshachekwa na mji mzima wa Cleveland na vitongoji vyake, nimechekwa na jirani wa kulia na wa kushoto, na mke wangu Paulette hanicheki kwa sababu moja tu, hanisemeshi. Maji yamenifika shingoni, mama, nisaidie.

Mimi ni mtu wa miaka sitini na kidogo, fundi bomba mstaafu, mume wa mke mmoja, baba wa binti mmoja, na shabiki wa Browns, timu yetu ya mpira wa Kimarekani, tangu nikiwa kwenye nepi, maana marehemu baba alinivisha soksi za rangi ya chungwa kabla hata sijapewa jina. Wewe ni mtu wa hapa, sina haja ya kukueleza maana yake. Maana yake ni kwamba tunafungwa. Tunafungwa kwenye jua, tunafungwa kwenye theluji, tunafungwa tukiwa tunaongoza na saa imebaki kidogo tu, na msimu wa juzi tulifungwa mechi zote, zote kumi na sita bila kuruka hata moja, mpaka Januari ile tukaandamana kuuzunguka uwanja kwenye baridi ya kukata masikio kusherehekea maajabu hayo, na mimi nilikuwemo na kinyago changu cha mbwa usoni, kama desturi yetu mashabiki wa Browns, nabweka, nalia, nacheka, sijui nilikuwa nafanya kipi, na kusema kweli ile ni moja ya siku nzuri nilizowahi kuwa nazo na timu hii. Shabiki wa Browns Januari, wengine wakicheza mtoano, anatengeneza paa, anapumzisha koo na kusubiri kiangazi. Ndivyo tulivyoishi na hatukumsumbua mtu.

Sasa kiangazi hiki wachambuzi wamepatwa na nini? Tangu tumlete yule mshika mipira kutoka New York, ukiongeza na huyu kijana wetu mrusha mpira, basi watu wazima waliovaa tai wanakaa kwenye televisheni wanasema Browns watakuwa bingwa wa kundi, mwingine anasema hapana, Browns wanafika nusu fainali, mwingine, na huyu nadhani ana homa, anasema Browns fainali. Fainali, Bi Lorraine! Kinyozi wangu amepaka ukuta rangi ya chungwa. Jirani yangu ameweka bendera kubwa kuliko nyumba. Watu wanakumbatiana dukani kwenye foleni ya nyama. Mimi peke yangu nilipousikia utabiri ule nilishika kingo za meza, nikamwambia Paulette, "Tumekwisha," naye akanijibu, "Tumekwisha vipi na wanasema mtashinda?" Nikamwambia, "Ndiyo hiyo sasa."

Nikueleze. Mwanangu Tessa ni muuguzi, ana roho ya dhahabu, na anaolewa na kijana anaitwa Garrett ambaye hana kasoro yoyote isipokuwa ametoka Pittsburgh. Februari iliyopita, kabla huyo mshika mipira hajaletwa, tulikuwa mezani sisi wanne, Tessa akasema, "Baba, nimepata lile shamba la matufaha kule Geauga, lina nafasi Jumapili moja tu ya Oktoba, majani yatakuwa mekundu." Nikamuuliza, "Oktoba?" Akasema ndiyo. Nikamuuliza, "Jumapili?" Akaniangalia. Anazijua Jumapili zangu, alfajiri mimi na rafiki yangu Stosh tuko kando ya ziwa kwenye maegesho ya magari tunawasha jiko, tunachoma soseji za Kipolandi, mchana jukwaani tunabweka, jioni sina sauti. Sikusema hapana, naapa, nilisema tu kwamba Oktoba ndiyo msimu umekolea. Akasema, "Sawa baba. Basi nichagulie wewe. Nipe Jumapili moja tu ambayo huna mechi."

Na mimi kwa kinywa changu mwenyewe, mbele ya mama yake na mbele ya mchumba wake, nikapiga meza nikasema, "Januari, mwanangu! Januari yote ni yako. Browns hawana shughuli na Januari."

Tukacheka wote. Garrett akasema, "Baba, kwetu Pittsburgh hakuna mtu anayethubutu kuoa Januari, mtoano unakuwa umepamba moto." Nikamwambia, "Ndiyo maana hamna adabu. Sisi huku watu wa familia." Basi shamba likaachwa, ukachukuliwa ukumbi wa maveterani wa vita hapa Parma, Jumapili ya pili ya Januari, saa nane mchana. Nenda sasa hivi kaangalie ratiba ya mtoano, Bi Lorraine. Raundi ya pili. Na bingwa wa kundi akijaliwa kidogo tu, anacheza raundi hiyo nyumbani. Nyumbani! Hapa! Kando ya ziwa! Kitu ambacho vijana wenye ndevu mjini humu hawajawahi kukiona!

Nikaanza kuumwa. Nakuambia mambo ambayo sijamwambia hata Stosh. Mechi ya kwanza ya majaribio mwezi huu tulikuwa uwanjani, vijana wakacheza mpira mtamu, wakawatandika wageni vibaya sana, watu wanaruka, bia inamwagika, na mimi nimekaa nimeshika tama nikijisemea, "Jamani, tulizeni mwendo." Stosh akanigeukia, "We Lenny, umefiwa?" Nikamwambia ni mgongo. Akasema, "Mgongo gani na wewe unabwekea mdomo? Simama bwana!" Nikasimama nikabweka, lakini Bi Lorraine, ulikuwa mbweko wa kinafiki, na mwenyewe niliusikia. Usiku huo nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwomba Mungu Browns wafungwe. Sio wafungwe sana. Wafungwe kiasi cha kutosha. Mimi, mtoto wa baba yangu! Nikahisi kama nimeuza nyumba ya ukoo.

Kesho yake asubuhi nikafanya kosa. Kuna kile kipindi cha michezo cha redio, cha Duke, wewe unakijua, kila mtu anakisikiliza akienda kazini. Nikapiga simu, nikasema nataka kuongea na huyo mchambuzi aliyetutabiria fainali, nataka afute maneno yake hewani. Duke akasema, "Mzee wangu, umesema afute? Ametusifia!" Nikasema, "Sitaki anisifie, anajua nina nini Januari?" Akauliza nina nini, na mimi kwa hasira zangu nikamwaga yote, harusi, ukumbi, Jumapili ya pili, raundi ya pili, na nikamalizia, na hapa ndipo natamani ulimi ungenikauka, nikasema, "Kwa utabiri huu itabidi harusi isogezwe tu."

Duke akashangilia kama amepata mwaliko. Akafungua simu kwa wasikilizaji. Mama mmoja kutoka Lorain akasema, "Huyo binti ndoa ataipata hata Machi, mtoano tutaupata lini tena?" Jamaa mwingine akasema yeye alimkatalia mkewe kujifungua siku ya mechi, na mke alielewa, jambo ambalo siliamini. Mmoja tu ndiye aliyesema, "Mzee, nenda kalale, hawa ni Browns, Novemba tutakuwa tumeshatoka," wakamkatia simu. Mwisho Duke akasema mji umeamua, harusi isogezwe, akapiga honi yake ile. Nakiri nilijisikia vizuri. Nilikaa pale jikoni nikanywa kahawa, nikajiona mtu mwenye watu.

Halafu simu ikaita.

"Baba."

"Naam mwanangu."

"Ni wewe redioni?"

Nikasema, "Redio gani?" Mungu anisamehe.

"Baba, nimetoka zamu sasa hivi, niko kwenye gari. Sauti ni yako, na nyuma mbwa alikuwa anabweka, na mbwa ni Biskuti."

Nikamwambia kwamba lilikuwa wazo tu, kwamba hata mji mzima umeona ni jambo la busara, wiki mbili mbele au tatu, theluji haibadiliki. Hakupiga kelele. Bora angepiga. Alisema, na nimeyaweka kichwani neno kwa neno, "Baba, ile Jumapili naolewa. Ukija, njoo wewe mzima, sio nusu yako. Usipokuja, mama atanishika mkono tutaingia naye. Ila uniambie kabla msimu haujaanza, nisije nikasimama pale mlangoni na gauni nakusubiri." Akakata.

Paulette alikuwa amesimama nyuma yangu na chupa ya maziwa. Akaniambia, "Baba Tessa, hivi una akili timamu?" na tangu hapo anaongea na Biskuti tu. Baba yake Garrett amenitumia ujumbe kutoka Pittsburgh, "Karibu Januari, mkwe, pole kwa ugeni," na vikatuni vya kucheka juu. Stosh kwa upande wake anasema nikimwacha peke yake kwenye mtoano wa nyumbani hatanizika. Kisha akanipa shauri, kwamba niende harusini, ila yeye asimame dirishani kwa nje aninyooshee vidole vya matokeo. Mimi pia nimefikiria kuweka televisheni ndogo kule jikoni kwa wapishi, au kale kadude ka sikioni, nina nywele upande wa kushoto zinaweza kukafunika. Au kuomba harusi ianze asubuhi, watu wanywe supu waondoke mapema. Au basi nimwombe Tessa asogeze kweli, mara moja hii tu, maana Bi Lorraine, mimi sina miaka mingi ya kusubiri, baba yangu alisubiri akafa, na kama ndiyo mwaka wenyewe je? Kama ndiyo mwaka wenyewe na mimi nimevaa suti nagawa keki?

Msimu unaanza mapema Septemba na sijamjibu. Kila nikishika simu naiweka tena mezani. Niambie nifanye nini, na ikiwezekana umwandikie na huyo mchambuzi.

Baba wa Bibi Harusi,
Parma

*

Baba wa Bibi Harusi,

Uliniomba nisicheke. Nimeshindwa. Nilicheka mpaka mhariri akaja kuchungulia mlangoni. Nikaisoma mara ya pili, na nilipofika kwenye ile simu ya mwanao kicheko kikaisha chenyewe.

Pole kwanza, na pole hii inatoka moyoni, maana mimi si mgeni mji huu. Mwaka ule timu ilipofungashwa virago ikahamishiwa Baltimore, mume wangu marehemu alikuwa akikaa mbele ya televisheni iliyozimwa kila Jumapili mchana, amevaa kofia yake, na mimi nilikuwa nampelekea kahawa bila kuuliza. Kwa hiyo usifikiri unaongea na mtu anayedhani huu ni mpira tu. Najua unachokiogopa. Unaogopa furaha itapita mlangoni kwako siku ambayo hupo nyumbani. Ni hofu ya kweli na siidharau.

Nimemaliza kukuhurumia. Kaa kitako.

Hivi, mzee mzima, umekaa na Browns miaka sitini na hujui Agosti ni nini? Agosti kila timu ni bingwa! Agosti hata ile iliyofungwa kumi na sita ilikuwa na watu wanaosema mwaka huu tutashangaza. Na ilishangaza. Hao wenye tai wanalipwa waongee, hawalipwi wapatie. Januari wakionekana wamekosea hakuna atakayekuja Parma kukuomba radhi wala kukurudishia ukumbi. Mtu amekuotea ndoto kwenye televisheni, na wewe umeamka kwenda kuhamisha kitanda.

Na acha kumwomba Mungu wafungwe. Hawajawahi kuhitaji msaada wako kwa hilo.

Sasa tuongee kuhusu shamba la matufaha. Umeliandika kwa haraka ukapita, ukakimbilia ratiba ya mtoano. Mimi nilisimama pale. Binti alikuwa ameshapata mahali pake, mwezi wake na majani yake mekundu. Aliposikia tu unauliza "Oktoba?" alivikunja vyote akaviweka pembeni, hakulia, hakukununia, akakwambia nichagulie wewe. Wewe unaandika, "Sikusema hapana, naapa." Ebo! Ulihitaji kusema? Mtoto aliyekua na wewe anajua uso wako ukiwa hapana. Ameshasogeza harusi yake mara moja kwa ajili ya Browns, baba. Mji mzima umepiga kura redioni bila kuambiwa hilo, kwa sababu hukuwaambia. Ungewaambia, hata yule mama wa Lorain angekushukia.

Halafu ukapiga meza ukasema, "Januari yote ni yako." Kuna utabiri na kuna ahadi, na naona umevichanganya. Mchambuzi alitabiri. Wewe uliahidi. Utabiri ukiharibika, mwenye tai anabadilisha tai anaendelea. Ahadi ya baba ikiharibika, kuna mtu mmoja anaibeba maisha yake yote, na mtu huyo hupigi naye soga kwenye maegesho ya magari, ni yule anayetoka zamu ya usiku akiwa amechoka, anawasha redio apate kucheka kidogo, anasikia sauti ya baba yake.

Umesema bora angepiga kelele. Hapana, bora ungesikiliza alichosema. Hakukuomba utupe kofia yako. Hakukuomba uache mpira. Aliomba uje mzima, na aliomba uje au usije lakini aambiwe mapema, asisimame mlangoni akisubiri. Mwanamke wa umri ule haombi kuambiwa mapema kama hajawahi kusubiri. Alisubiri wapi, na Jumapili ngapi, hukuandika, na mimi siulizi. Wewe unajua.

Haya, mambo ya kufanya, na usibishane nami, maana umenipa kazi hii mwenyewe.

Televisheni jikoni kwa wapishi, hapana. Hawa watu wanapika chakula cha wageni, usiwaharibie mchuzi. Kadude ka sikioni, hapana, na zile nywele za upande wa kushoto, baba, nina wasiwasi hazitoshi. Stosh dirishani na vidole vyake, hapana kabisa. Huyo Stosh mpelekee kadi ya mwaliko, mwambie avae suti, aketi meza ya mbele mahali unapoweza kumwona, na akithubutu kuchungulia simu Paulette ampokonye. Akisema hatakuzika, mwambie utajizika mwenyewe, wewe ni fundi.

Paulette mwombe radhi leo, na usimwombe kwa maua. Mwambie, "Nimekosa," kisha osha vyombo. Atakuwa ameshasikia.

Kama Jumapili hiyo Browns watakuwa wanacheza, nitakueleza kitakachotokea, kwa sababu nimehudhuria harusi nyingi mji huu. Kila mtu ukumbini atakuwa anajua matokeo isipokuwa wewe. Mhudumu atajua. Mpiga kinanda atajua. Utasikia chafya upande ule, kikohozi upande huu, utaona nyuso zinaangaza au zinaanguka, na utacheza na mwanao katikati ya nyuso hizo ukiwa huna habari ya lolote. Ndiyo adhabu yako. Ibebe ukitabasamu. Wakishinda bila wewe, Stosh na wenzake watasema wewe ndiye ulikuwa mkosi miaka yote, na sina uhakika kama watakuwa wamekosea. Mechi utaiangalia Jumatatu, jirani mwenye bendera atakurekodia.

Baba yake Garrett mjibu hivi, "Asante, nitakuwa harusini kwa mwanangu. Wewe utakuwa wapi?" Kisha acha jibu hilo limfike moyoni.

Huyo mchambuzi simwandikii. Muda wangu ni mdogo.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya nimwambie mhariri akupe ukurasa mzima. Una simu, una gari, na mwanao anakaa mji huo huo. Ukaona umpigie Duke. Ukachekwa, ukaona uniandikie mimi. Umeuliza redio, umeuliza wasikilizaji, umemuuliza Stosh, sasa umeuliza gazeti. Hujaongea na Tessa tangu akate simu. Hofu yako yote, baba, umeigawa mji mzima, na yeye ambaye inamhusu hujampa hata neno.

Barua hii inatoka leo Jumapili, wiki moja kabla msimu haujaanza. Parma nzima inapata gazeti hili, na yeye pia atalipata, akinunua mwenyewe au akipelekewa na mtu anayejifanya amemhurumia. Mara ya kwanza alisikia redioni. Usimwache asome hapa.

Kwa hiyo kama umefika mstari huu ukiwa bado umekaa jikoni na kahawa, umenikera. Weka gazeti chini. Usipige simu, nenda. Gonga mlango wake, na akifungua mwambie, "Nakuja." Akikuuliza itakuwaje kama wanacheza siku hiyo, mwambie, "Nakuja." Halafu nyamaza, Lenny. Usiongeze "ila."

Bi Lorraine